Ukiwa na malalamiko dhidi ya padre: namna ya kuyafikisha, Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, au mtu mzima ambaye yeye mwenyewe alitendewa utotoni. Mtoto amesema kwamba padre, au frateri, au katekista, amemdhalilisha, na nyumba nzima haijui pa kuanzia. Sikuuandika kwa sababu ya kesi yoyote ya hapa visiwani, basi usimtafute mtu ndani yake.

Nimeuandika kwa sababu ugomvi baina ya waamini na majimbo yao juu ya mambo haya huishia pale pale kila unapotokea. Miaka inapita, na watu wanabishana nani aliambiwa, lini, na akafanya nini. Huko Pennsylvania, Marekani, ripoti ya mwaka 2018 iliyochunguza majimbo sita ilitaja mapadre zaidi ya 300 na watoto zaidi ya 1,000. Wachunguzi walisoma kurasa zipatazo nusu milioni kutoka kwenye makabati ya majimbo yenyewe. Aliyeandika barua, barua yake ilikutwa humo. Aliyelalamika kwa mdomo sebuleni kwa paroko hakuacha ukurasa wowote.

Kwa hiyo nitakurudisha kwenye karatasi mara nyingi. Nivumilie.

1. Mtoto kwanza, jimbo baadaye

Kama tendo ni la siku tatu hizi, acha barua, acha simu za ndugu, nenda hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyopungua faida. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina muda wa hadi siku tano, nazo pia ni bora mapema. Usimuogeshe mtoto kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa usizifue. Kama zina unyevu ziache zikauke, kisha zitie kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki ushahidi huoza.

Pa kwenda ni kituo cha Mkono kwa Mkono. Cha mwanzo kilifunguliwa hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, Pemba kipo Chake Chake, na vyengine vimefuata. Faida yake ni kwamba daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wanakutana na mtoto mahali pamoja, asizungushwe afisi hadi afisi akisimulia upya kila mlango. Kama ni usiku na umechanganyikiwa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Haina gharama.

Kama tendo ni la wiki au miezi iliyopita, bado mpeleke. Kipimo kinaweza kisionyeshe kitu, na hilo halina maana kwamba hakuna kilichotokea. Daktari ataandika hivyo hivyo, na mtoto bado anahitaji kutazamwa na mtu anayejua kuzungumza na watoto.

Sasa namna ya kumsikiliza. Akianza kusema, muache aseme. Usimuulize "Padre alikushika hapa?", kwa sababu jibu la swali kama hilo wakili wa utetezi atasema umelitia wewe mdomoni mwake. Muulize "kisha ikawaje?", halafu nyamaza. Usiwaite shangazi, bibi na majirani waje kusikia. Na usikubali ushauri wa kumkalisha mtoto mbele ya padre "ili ukweli ujulikane". Ushauri huu hutolewa na watu wema kabisa, wenye nia ya kumaliza jambo kabla ya Jumapili. Mtoto wa miaka kumi mbele ya mtu mzima aliyevaa kanzu, ambaye wazazi wake humwita Baba, atasema chochote kitakachomtoa chumbani humo.

2. Daftari

Usiku huo huo, mtoto akilala, fungua daftari. Liwe daftari lenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoa. Andika tarehe na saa ya kuandika. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto au ya aibu. Akisema "dudu", andika "dudu", usitafsiri ikawa lugha ya mahakamani. Kisha andika wapi (sakristia, nyumba ya mapadre, gari, skuli, safari ya hija), lini kwa kadiri anavyokumbuka, nani alikuwepo karibu, nani ameshaambiwa na alijibu nini.

Tarehe ikimpotea mtoto, msaidie kwa matukio anayoyajua. Ilikuwa kabla ya Kipaimara au baada? Watu wa mtaani walikuwa wamefunga Ramadhani? Ilikuwa kipindi cha masika? Mtoto anayekua Zanzibar anakumbuka kwamba siku ile jirani walileta futari kabla ya kukumbuka kwamba ilikuwa mwezi wa nne.

Ujumbe wa simu, picha, rekodi za miamala ya pesa: usifute hata kimoja. Piga picha ya kioo cha simu, kisha hifadhi simu yenyewe. Tangu siku hiyo kila unayezungumza naye juu ya jambo hili, awe paroko, sheha au mjomba, anaingia daftarini na tarehe yake.

3. Polisi, kabla ya Askofu au siku moja naye

Hapa ndipo familia nyingi za Kikatoliki zinapokwama. Wanadhani heshima inataka Kanisa lipewe nafasi kwanza, lishindwe, ndipo waende serikalini. Sheria ya Kanisa yenyewe haisemi hivyo. Hati ya Papa Fransisko iitwayo Vos estis lux mundi, ya mwaka 2019 na iliyofanyiwa marekebisho 2023, inasema wazi kwamba taratibu za Kanisa haziondoi haki wala wajibu uliowekwa na sheria za nchi, hasa wa kuripoti kwa vyombo vya dola. Mwongozo ambao Roma iliwapa maaskofu mwaka 2020 unawataka hata pale sheria ya nchi haiwalazimishi wapeleke taarifa serikalini, iwapo inahitajika kumlinda aliyetendewa au watoto wengine. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kwenda polisi ni kulisaliti Kanisa, muulize ameisoma wapi.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, iandike, na uandike jina la askari aliyekuhudumia. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar Namba 6 ya 2018 inayataja makosa haya bila kujali kazi ya mtuhumiwa, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2021 Zanzibar ilianzisha mahakama maalum ya kesi za udhalilishaji, kwa sababu mashauri yalikuwa yakifia njiani.

Na yalikuwa yakifia njiani kwa nini? Muhali. Kila anayeshughulika na kesi hizi visiwani atakuambia hivyo: mzee wa familia anakuja, anakaa, anakunywa chai, anasema "sote ni wamoja, tuyamalize wenyewe", na siku ya ushahidi mama hatokei mahakamani. Kwa Wakatoliki muhali una safu moja ya ziada. Sisi ni wachache katika visiwa ambavyo zaidi ya asilimia 95 ya watu ni Waislamu, na wazo la kwanza la mtu mwema ni "tusiwape watu la kusema". Ukiongeza kwamba parokia nyingi bado zinamkumbuka Padre Evarist Mushi, aliyepigwa risasi akauawa tarehe 17 Februari 2013, unaelewa kwa nini waamini wa hapa wanamzunguka padre wao haraka kuliko waamini wa Moshi au Songea. Ninauheshimu uchungu huo. Lakini anayeutumia kumnyamazisha mtoto anamkosea hata marehemu.

Kesi ya jinai ikishafunguliwa si mali ya familia. Anayeshitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Sheha hana uwezo wa kuipatanisha, wala mwenyekiti wa parokia, wala Askofu. Wakikuita kwenye sulhu, kataa kwa adabu: "Nimeshaliacha kwa serikali, siwezi kulirudisha." Sentensi hii inakuokoa na mabishano mengi, kwa sababu inakuondolea mamlaka ambayo wao wanataka uyatumie.

Ukihitaji mtu wa kukushika mkono kisheria, kuna wasaidizi wa sheria katika shehia, kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na kuna Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA. Usisubiri kesi ivurugike ndipo uwatafute.

4. Barua kwa Askofu

Polisi wanashughulikia jinai. Jimbo linashughulikia upadre wa mtu: kama aendelee kuadhimisha Misa, kukaa na watoto wa altare, kufundisha skuli. Ni njia mbili, na hakuna inayofunga nyengine. Ndiyo sababu jimbo linahitaji taarifa yake, kwa maandishi.

Kabla ya kuandika, jua ambavyo si taarifa. Kusema katika kitubio si taarifa. Padre anayekuungamisha hawezi kulitoa neno lako nje hata akitaka, na akilitoa anaadhibiwa vikali na Kanisa. Watu wamewahi kubeba jambo zito, wakaliungama, wakaondoka wakiamini wameliripoti. Vilevile, kulalamika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya si taarifa, na kulisimamisha kwenye mkutano wa Halmashauri ya Walei si taarifa bali ni balaa.

Ukimwambia padre mwengine au sista nje ya kitubio, hilo lina uzito wake. Tangu Juni 2019 mapadre na watawa wote wana wajibu wa kumfikishia Askofu mara moja wanapopata habari au sababu za msingi za kuamini kwamba jambo kama hili limetendeka. Lakini usiutegemee wajibu wa mtu mwengine. Andika mwenyewe.

Barua iwe fupi. Hasira, hata ya haki, iache kwenye daftari. Mfano:

"Mhashamu Baba Askofu,
Tumsifu Yesu Kristo.
Mimi (jina), mzazi wa mtoto wa miaka (…) wa parokia ya (…), naleta taarifa rasmi. Mtoto wangu ameeleza kwamba mnamo (tarehe au kipindi), katika (mahali), Padre (jina) alimfanyia kitendo cha udhalilishaji. Maelezo yake nimeyaambatanisha katika bahasha iliyofungwa. Jambo limeripotiwa polisi kituo cha (…), RB namba (…).
Naomba nithibitishiwe kwa maandishi kwamba taarifa imepokelewa. Niambiwe nani anaishughulikia na nitampata vipi. Nielezwe hatua za kumtenga padre huyu na watoto wakati uchunguzi unaendelea. Na mtoto apatiwe msaada wa matibabu na ushauri nasaha.
Wako katika Kristo, (jina, sahihi, tarehe, simu)."

Jina kamili la mtoto liweke kwenye kiambatisho tu, si kwenye barua itakayopita mezani kwa karani.

Chapisha nakala tatu. Moja peleka afisi ya Askofu, ya pili igongwe muhuri wa "imepokelewa" na urudi nayo. Kama hakuna muhuri, aliyepokea aandike jina, tarehe na sahihi. Akikataa kusaini, usigombane naye. Rudi nyumbani, itume kwa rejesta ya Posta, na uhifadhi stakabadhi. Kila jimbo linatakiwa kuwa na chombo au afisi ya kupokea taarifa hizi, inayofikika kwa urahisi na watu wote, basi muulize karani ni ipi na uipe nakala. Asipojua, hilo nalo liandike daftarini.

Kama padre ni wa shirika, mpelekee nakala mkuu wa shirika lake pia. Hapa kwetu hili si jambo dogo, kwani Shirika la Roho Mtakatifu liko visiwani tangu miaka ya 1860, na padre wa shirika ana wakubwa wawili. Penye wakubwa wawili, kila mmoja huweza kudhani mwenzake analishughulikia. Na kama padre ameshahamishiwa bara, barua bado ni halali hapa. Askofu aliyeipokea anatakiwa kuifikisha bila kuchelewa kwa mkuu wa mahali jambo lilipotokea na kwa mkuu wa padre mwenyewe.

5. Ukiitwa kuzungumza

Jimbo likijibu, huenda ukaitwa. Nenda na mtu: ndugu mwenye kichwa baridi, au mwanasheria. Usiende na mtoto. Ukifika, salimia kama unavyosalimia siku zote, kaa, na toa daftari mbele yao ili waone kwamba unaandika. Kwa uzoefu wangu wa vikao vya kila aina, daftari lililofunguliwa mezani hubadilisha sauti za watu.

Kinachotakiwa kutokea ni hiki. Askofu anafungua uchunguzi wa awali, kwa kawaida kwa kumteua mtu wa kuufanya, na asiingilie kazi ya polisi. Wakati huo anaweza kumzuia padre kufanya huduma ya hadhara au kukaa mahali fulani. Ukiisha, faili linapelekwa Roma, kwa Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, ambalo linaamua kama kuna kesi ya kikanisa na itaendeshwa vipi. Adhabu inaweza kufika hadi kuondolewa katika hali ya ukleri, yaani kuvuliwa upadre.

Kuhamishwa hakuhesabiki kuwa suluhisho. Mwongozo wa Roma niliougusia unawaonya maaskofu waziwazi wasidhani kwamba kumwondoa mtuhumiwa kwenye eneo au kumweka mbali na wanaomlalamikia kunatosha. Lakini visiwani kuhamishwa hupendeza sana macho: boti ya asubuhi, padre yuko Dar, na watu wanasema "si ameshaondoka?". Ameondoka kwenda wapi, na huko kuna watoto wangapi? Ukiambiwa "tumemhamisha", uliza: amepewa kazi gani, nani huko ameelezwa sababu, na je, amezuiwa kukaa na watoto? Andika majibu.

Yako mengine ambayo pengine hutaambiwa, na ni bora ujue mapema usije ukadhani unachezewa. Katika kesi ya kikanisa wewe si upande wa kesi, uko karibu zaidi na nafasi ya shahidi. Hutapewa faili. Inaweza kuchukua miaka. Waathirika kote duniani wamelalamikia sana jambo hili, na mimi nadhani wana haki, lakini ndivyo sheria ilivyo hivi sasa.

Kisha karatasi ya kusaini. Ukipewa hati inayokutaka usizungumze, usisaini. Tangu Desemba 2019 Roma iliondoa siri ya kipapa, yaani ule usiri mkali wa Vatikani, kwenye kesi hizi, ikatamka kwamba mlalamikaji, aliyetendewa na mashahidi hawawezi kufungwa kwa wajibu wa kunyamaza. Vos estis inasema hivyo hivyo, na inakataza kumlipizia kisasi aliyetoa taarifa. Kwa hiyo mtoto wako akinyimwa Kipaimara, au wewe ukivuliwa uongozi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwa sababu uliandika barua, hilo ni lalamiko jipya linalojitegemea.

Na pesa. Jimbo lina wajibu wa kumhudumia aliyetendewa kwa matibabu na msaada wa kisaikolojia, kwa hiyo kupokea huduma si aibu. Lakini bahasha inayoletwa usiku na mtu aliyetumwa, yenye "ada ya skuli ya mtoto", hiyo irudishe mbele ya shahidi. Msaada wa kweli hauogopi kuandikiwa barua yenye tarehe, inayosema kwamba haukutolewa ili ufute kesi.

6. Ukimya

Umepeleka barua, hakuna jibu. Usikimbilie kulaumu wala usikae mwaka mzima. Mwezi mmoja ukipita, andika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, ukitaja tarehe ya kupokelewa kwa ile ya mwanzo na kuambatanisha nakala yake. Barua ya pili ina kazi mbili: inakumbusha, na inaonyesha kwamba ya kwanza haikupotea.

Ukimya ukiendelea, tenganisha mambo mawili. Kama kuna uzembe wa kawaida, endelea kuandika na kuuliza. Kama una sababu ya kuamini kwamba mwenye mamlaka anakwepesha au kuzuia uchunguzi, wa serikali au wa Kanisa, hilo lenyewe limetajwa katika Vos estis kuwa jambo la kuripotiwa, hata kama mwenye mamlaka ni askofu. Jimbo la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1980, liko katika kanda ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam, kwa hiyo taarifa inayomhusu askofu hupelekwa kwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam au moja kwa moja Vatikani, na njia rahisi ya kuifikisha Vatikani ni kupitia Ubalozi wa Baba Mtakatifu ulioko huko huko Dar. Ambatanisha nakala zote zenye mihuri. Hapo ndipo utaelewa kwa nini nilikusumbua na karatasi.

Kama aliyenyamaza ni polisi, afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka iko Unguja na Pemba. Nenda na namba ya RB. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya serikali.

Kama ni jambo la zamani

Watu wengi hawasemi hadi wamekuwa watu wazima, wengine hadi wamezaa. Kwa Kanisa, muda wa kushitaki kosa dhidi ya mtoto ni miaka 20 kuanzia siku aliyetendewa alipotimiza miaka 18, na Roma inaweza kuuondoa ukomo huo. Kwa hiyo mtu wa miaka 35 bado yumo ndani ya muda wa kawaida, na wa miaka 50 asijifungie mlango mwenyewe. Upande wa serikali muone mwanasheria kwanza.

Aliyetendewa akiwa mtu mzima naye hajaachwa nje. Vos estis inamgusa mtu mzima asiyeweza kujitetea, na pia yule aliyelazimishwa kwa vitisho au kwa kutumiwa vibaya mamlaka: mfanyakazi wa nyumba ya mapadre, mnovisi, frateri ambaye barua yake ya upadirisho iko mkononi mwa mtu. Barua ni ile ile.

Parokia ikigawanyika

Itagawanyika. Wako watakaosema padre ameonewa, wako watakaomhukumu kabla ya kusikia lolote, na lipo kundi la tatu, kubwa kuliko yote, linalotaka tu Misa iendelee. Kiongozi wa jumuiya, kazi yako hapo si kuamua nani mkweli. Padre naye ana haki ya kutohukumiwa kabla, na ana haki ya jina lake. Kumsingizia padre ni kosa katika sheria ya Kanisa, na uchunguzi ukionyesha amesingiziwa, jimbo lazima limsafishe hadharani kwa nguvu ile ile. Uchunguzi mzuri unamfaa padre asiye na hatia kuliko mtu mwengine yeyote. Minong'ono ndiyo itakayomfuata hadi kaburini.

Unachoweza kufanya ni kuomba jimbo litoe tangazo la maneno machache, lisomwe Misa zote: kwamba taarifa imepokelewa, vyombo vya dola vimejulishwa, padre amesimamishwa huduma kwa muda bila hukumu, na mwenye taarifa nyengine awasiliane na mtu fulani kwa namba fulani. Bila jina la mtoto, bila mtaa, bila "yule binti wa kwaya". Pemba, ambako Wakatoliki wa mji mzima wanajuana kwa majina, hata kutaja darasa lake ni kumtaja.

Zuia pia sala za kuombea "padre wetu anayepigwa vita". Mtoto naye yupo kanisani, anasikia.

Mitandaoni usiandike jina la mtu yeyote, la mtoto wala la padre, hata kama una uhakika wote. Unaweza kuharibu kesi, unaweza kushitakiwa wewe, na katika visiwa vyetu lalamiko la mtu mmoja likishaingia Facebook hugeuka ugomvi wa dini kwa dini kabla ya magharibi. Kuanzia hapo hakuna anayemzungumzia mtoto tena.

Kwa walioko Pemba

Afisi ya Askofu iko Unguja, na si kila mtu ana nauli ya boti na siku mbili za kupoteza. Usimpe barua msafiri yeyote aliyepatikana bandarini Mkoani, na usimpe paroko akupelekee kama mtuhumiwa ni mwenzake wa nyumba moja. Itume kwa rejesta kutoka Posta ya Chake Chake au Wete, kisha piga simu afisi ya Askofu baada ya siku chache, uulize imefika na nani ameipokea, na uandike jina. Daftari, stakabadhi na nakala zenye mihuri zipige picha zote, uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Nakala moja ya karatasi iache kwa mwanasheria au msaidizi wa sheria, nje ya nyumba yako, ili hata mzee akija kukuomba "hizo karatasi tuzichome yaishe", usiwe na cha kumpa.